Antena nne zielekezwe wapi? Kisa cha kituo cha kupokezana mawimbi kwenye mgongo wa Amani, Muheza

Zahanati inayohusika iko bondeni, nyuma ya mgongo wa milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Mkongo wa mawasiliano unapatikana Muheza mjini, kwenye tambarare, na kutoka hapo hadi mgongo wa Amani ni kama kilomita 18 kwa mstari ulionyooka. Kutoka mgongoni kushuka hadi zahanati ni kilomita 3 tu. Mlima umesimama katikati, kwa hiyo mawimbi yanayotoka Muheza hayaifikii zahanati kabisa. Mwisho wa mwezi muuguzi mfawidhi hupanda na simu mbili hadi kwenye mwamba ulio kando ya shamba la chai, hungoja mtandao ushike, kisha hutuma taarifa za wagonjwa ukurasa kwa ukurasa, na mtandao ukikatika njiani huanza upya. Mama mjamzito akipatwa na shida usiku na muuguzi akahitaji ushauri wa daktari wa hospitali ya wilaya, mwamba huo haupandiki.

Suluhisho lililopendekezwa ni kituo cha kupokezana: mlingoti mmoja mgongoni, unaopokea mawimbi kutoka Muheza na kuyarusha tena bondeni, ukitumia masafa ya gigahezi 5.8 na upana wa megahezi 20. Hilo halina ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya antena. Bajeti iliruhusu hatua moja tu kati ya mbili za safari (Muheza hadi mgongoni, na mgongoni hadi zahanati) iwe na mtambo wa antena nne, na hatua nyingine ibaki na mtambo wa kawaida wa antena mbili. Rasimu ya kwanza iliziweka antena nne kwenye hatua ya Muheza hadi mgongoni, kwa hoja iliyosikika vizuri mezani: kilomita 18 ni nyingi kuliko kilomita 3, basi njia ndefu ndiyo yenye shida, na nguvu ipelekwe huko. Katika uchambuzi huu ninaonyesha kwa nini hoja hiyo haisimami, na kwa nini antena nne zinapaswa kutazama bondeni.

Takwimu zote za nguvu na uwezo zilizomo humu ni za usanifu, yaani zimekokotolewa kutokana na umbali, masafa na aina ya vifaa. Hazikusomwa kwenye mitambo iliyokwisha kufungwa. Jina la kijiji nimeliacha makusudi.

Nadharia inavyosema, na sharti lake

Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha kasi ambacho ndani yake ujumbe unaweza kufika bila makosa, na kwamba kikomo hicho, kwa njia ya antena moja kila upande, ni upana wa masafa ukizidishwa kwa logi ya msingi wa 2 ya moja jumlisha uwiano wa ishara na kelele. Ubaya wa logi ni kwamba haikui haraka: ukishakuwa na ishara nzuri, kuongeza nguvu maradufu kunakupa takriban biti moja tu zaidi kwa kila hezi.

Emre Telatar, katika andiko la ndani la maabara za Bell la mwaka 1995 lililochapishwa rasmi mwaka 1999, pamoja na Gerard Foschini na Michael Gans katika makala yao ya mwaka 1998, walionyesha njia ya kuukwepa ugumu huo. Ukiwa na antena nyingi pande zote mbili, uwezo wa njia, yaani kikomo hicho cha kasi, unaweza kukua kwa kufuata idadi ya antena za upande wenye chache, kwa sababu jumbe kadhaa husafiri kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale. Matangazo ya wauza vifaa hupenda kuishia hapo. Sharti lenyewe hawalitaji: njia kati ya antena na antena ziwe huru, kila moja ikifika na sura yake tofauti. Zikifanana zote, antena nne hukusanya nguvu zaidi, lakini hazifungui milango minne.

Kwa upande wa vituo vya kupokezana, Edward van der Meulen aliliweka swali mezani mwaka 1971, na Thomas Cover na Abbas El Gamal wakatoa matokeo makuu mwaka 1979. Uwezo kamili wa mtandao wa aina hiyo kwa ujumla wake, pale mtumaji anaposikika kwa mpokeaji moja kwa moja na pia kupitia kituo cha kati, bado haujapatikana hadi leo. Kisa chetu kina nafuu moja: mlima umeiziba njia ya moja kwa moja, kwa hiyo kila biti lazima ipite mgongoni. Hapo hesabu inakuwa wazi, kwa kuwa kinachopita hakiwezi kuzidi kile kinachoingia mgongoni wala kile kinachotoka mgongoni, na kituo kinachousimbua ujumbe wote (yaani kuusoma kutoka kwenye mawimbi biti kwa biti) kabla ya kuurusha upya, kikifuata ratiba iliyopangwa mapema, kinaufikia mpaka huo.

Hatua ya kwanza: kilomita 18 za hewa tupu

Tulianza kwa kioo. Fundi mmoja alipanda juu ya paa Muheza, sisi tukapanda mgongoni, na jua la asubuhi lilipokuwa limeinuka vya kutosha akaanza kulielekeza kwetu kwa kioo cha kunyolea. Mng'ao ulionekana wazi, mdogo na mkali kama cheche, juu ya ukungu uliokuwa bado umelala tambarare. Mgongo wa Amani uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na Muheza iko chini mno kuliko hapo, kwa hiyo njia inapita juu ya kila kitu. Mawimbi ya redio huhitaji nafasi pembeni mwa mstari wa macho pia. Katikati ya kilomita 18, kwa gigahezi 5.8, nafasi hiyo ni kama mita 15 kila upande wa mstari, na hapa ipo na ziada.

Upotevu wa nguvu kwenye hewa tupu kwa umbali huo ni kama desibeli 133 (desibeli hupima uwiano wa nguvu: kila desibeli 10 ni mara 10). Nimechukua nguvu ya kurushia ya desibeli 20 juu ya miliwati moja, madishi ya desibeli 24 kila upande, na upotevu wa desibeli 3 kwenye nyaya na viungio. Ishara inafika ikiwa desibeli 68 chini ya miliwati moja, ilhali kelele ya kipokezi kwa upana wa megahezi 20 iko desibeli 95 chini. Tofauti ni desibeli 27. Nikitenga desibeli 7 za akiba kwa siku mbaya, nabaki na desibeli 20, yaani ishara yenye nguvu mara 100 ya kelele.

Hii ni njia nzuri sana. Antena moja kila upande inatoa biti 6.7 kwa sekunde kwa kila hezi. Antena mbili zilizofungwa dishi moja, moja ikirusha wimbi la wima na nyingine la mlalo, zinatoa njia mbili zilizo huru kweli, kwa sababu wima na mlalo hazichanganyiki kirahisi kwenye hewa tupu. Uwezo unapanda hadi biti 11.3.

Sasa tuongeze ziwe nne. Uzuri wa njia hii, kwamba hakuna mti wala jengo la kuyatawanya mawimbi, ndio unaogeuka kuwa kikwazo. Madishi mawili yaliyofungwa mita moja moja kwenye mlingoti yanaonwa kutoka kilomita 18 kana kwamba yako mahali pamoja. Tofauti ya umbo la wimbi kati yao haifiki hata nusu ya nyuzi moja. Ili madishi hayo yawe njia huru, umbali kati yao Muheza ukizidishwa kwa umbali kati yao mgongoni lazima ufikie nusu ya zao la urefu wa wimbi na urefu wa njia. Urefu wa wimbi hapa ni sentimita 5.2, kwa hiyo tunahitaji karibu mita 21.6 kati ya dishi na dishi, pande zote mbili. Ukitaka kubana mgongoni hadi mita 6, utalipa kwa kutenganisha mita 78 mjini. Mlingoti mmoja hauwezi hivyo, na kusimamisha milingoti miwili kandokando ya msitu wa hifadhi ni gharama na kibali kingine.

Kwa hiyo antena nne za rasimu ya kwanza zisingekuwa na njia nne huru. Zingebaki na zilezile mbili, wima na mlalo, zikiwa zimeongezewa nguvu. Uwezo ungepanda kutoka biti 11.3 hadi 15.3. Nyongeza hiyo si ya kudharau ikitazamwa peke yake, ila njia hii haitumiki peke yake.

Hatua ya pili: kilomita 3 na majani

Tulipogeuka kutazama bondeni, kioo hakikuwa na kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alisimama kutuangalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta nini?"

"Paa la zahanati."

"Paa utaliona ukishuka mpaka kwenye iliki. Hapa juu ni majani matupu. Na sasa ni kiangazi. Njoo masika uone yanavyoning'inia."

Sehemu mbili za maneno yake ziliingia kwenye hesabu zetu moja kwa moja. Ukishuka hadi kwenye mashamba ya iliki, chini ya kivuli cha msitu, unaipata zahanati na kuipoteza Muheza, kwa hiyo mlingoti hauwezi kuhamia huko. Kukata miti hakuzungumziki, kwani eneo hilo limo katika hifadhi ya mazingira asilia, na msitu wenyewe ndio unaolinda vyanzo vya mto Zigi unaoinywesha Tanga. Na jambo la masika nitalirudia.

Upotevu wa hewa tupu kwa kilomita 3 ni desibeli 117, yaani nafuu ya desibeli 16 ukilinganisha na hatua ya kwanza. Hii ndiyo nafuu ambayo rasimu ya kwanza iliiona. Lakini mita 30 za majani mwishoni mwa njia, kwa kanuni ya Weissberger inayotumika sana kukadiria upotevu kwenye miti yenye majani, zinakula desibeli 16 nyingine, na nafuu yote imeishia hapo. Zaidi ya hayo, upande huu hauwezi kutumia madishi membamba yenye nguvu kubwa, kwa sababu mawimbi yanayopenya miti hufika kutoka pembe nyingi na dishi jembamba huyakosa mengi. Nimechukua antena pana za desibeli 16. Matokeo ni ishara iliyo takriban desibeli 10 tu juu ya kelele: mara 10, si mara 100.

Hatua fupi ndiyo dhaifu. Kwa antena moja kila upande uwezo wake wa wastani ni biti 2.9, na kwa antena mbili kila upande ni biti 5.5, karibu nusu ya hatua ya kwanza.

Lakini miti hiyohiyo inayonyonya nguvu inatenda jambo ambalo hewa tupu haiwezi. Inalitawanya wimbi, kila antena inapata sura yake, na njia zinakuwa huru bila kuhitaji mita 21 za utengano. Nafasi ya urefu wa mawimbi machache, yaani sentimita kumi na kitu hadi ishirini, mara nyingi inatosha upande uliozungukwa na miti. Kwenye mlingoti wa mgongoni, ambako mawimbi hutoka katika pembe nyembamba zaidi, ningeziachanisha zaidi, hata mita moja, na kutumia wima na mlalo pia. Hapa ndipo mahali ambapo nadharia ya Telatar na Foschini inapata sharti lake.

Tukiweka antena nne mgongoni zikitazama bondeni na kuiachia zahanati antena mbili, uwezo unategemea kama kituo kinaijua njia. Kikirusha bila kuijua, nguvu inagawanywa sawa kwa antena zote nne na uwezo wa wastani ni kama biti 6.2. Kikiijua, kinaelekeza nguvu yote kwenye njia mbili zinazofika kweli, na uwezo unapanda hadi biti 8. Kuijua njia si ndoto, kwa sababu mitambo inayorusha na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale inaweza kuipima njia kutokana na ishara inayotoka zahanati na kuitumia kwa safari ya kurudi. Na kwa upande wa kupandisha, zahanati inapotuma picha za uchunguzi au taarifa, antena nne za mgongoni zinapokea kwa uwezo uleule wa biti 8 bila zahanati kuhitaji kujua lolote kuhusu njia.

Kuziunganisha hatua mbili

Kituo hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye masafa mamoja. Kinachorushwa kutoka mlingotini kina nguvu ya desibeli 20, na kinachopokewa kutoka Muheza kiko desibeli 68 chini ya sifuri. Tofauti ni desibeli 88, yaani mara zaidi ya milioni 600, na vyote viwili viko kwenye chuma kimoja. Kwa hiyo muda unagawanywa: sehemu ya kusikiliza, sehemu ya kusema.

Vifaa vingi huugawa muda nusu kwa nusu, na hapo uwezo wa mwisho hadi mwisho ni nusu ya hatua iliyo dhaifu. Ukiruhusiwa kuugawa unavyotaka, hatua dhaifu hupewa muda mwingi zaidi, na uwezo bora unakuwa zao la uwezo wa hatua mbili likigawanywa kwa jumla yake. Tuanze na mpango wa kawaida wa antena mbili kila mahali. Kwa nusu kwa nusu tunapata biti 2.75, sawa na megabiti 55 kwa sekunde katika megahezi 20. Kwa mgawanyo bora tunapata biti 3.7, megabiti 74. Hizo megabiti 19 za ziada hazikununuliwa kwa antena hata moja. Zimetokana na ratiba.

Sasa rasimu ya kwanza, antena nne upande wa Muheza. Kwa nusu kwa nusu hakuna kilichobadilika hata kidogo: megabiti 55, kwa kuwa hatua dhaifu ni ileile. Kwa mgawanyo bora ni megabiti 81, ongezeko la 7 tu, na hilo limepatikana kwa sababu hatua ya kwanza inamaliza kazi yake mapema kidogo na kuiachia ya pili muda.

Antena nne zikitazama bondeni: megabiti 80 kwa nusu kwa nusu, na takriban megabiti 94 kwa mgawanyo bora.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba simwonei aliyeandika rasimu ya kwanza, kwa hiyo nilimpa kila alichohitaji: milingoti miwili kila upande, mita 21.6 kamili, njia nne huru kabisa, uwezo wa biti 22.7 kwenye hatua ya Muheza. Mwisho hadi mwisho, kwa mgawanyo bora, alifikia megabiti 89. Hata akijengewa uwanja mzima wa milingoti bado anabaki nyuma ya antena nne zilizogeuzwa tu kutazama upande wa pili.

Kusimbua au kukuza

Kulikuwa na pendekezo la kutumia kituo rahisi kinachoikuza ishara kama ilivyo na kuirusha bila kuisimbua. Nafuu yake ni ya kweli: umeme kidogo, vifaa vichache, ucheleweshaji mdogo. Kwa antena moja na njia zisizobadilika, ishara yenye nguvu mara 100 ikifuatiwa na ya mara 10 hutoa mwisho hadi mwisho mara 9, kwa hiyo kelele inayokuzwa pamoja na ishara haidhuru sana hapa, kwa sababu hatua ya kwanza ni safi.

Niliukataa kwa sababu ya muda. Kituo kinachokuza kinarusha kile kile kilichopokea, kwa mwendo uleule, kwa hiyo hakiwezi kusikiliza asilimia 40 ya muda na kusema asilimia 60. Kinabanwa kwenye nusu kwa nusu, na tumekwisha kuona nusu kwa nusu inagharimu kiasi gani. Kinachosimbua kinaweza kupokea haraka kwa msimbo mnene unaofaa njia safi, kisha kurusha polepole kwa msimbo mwembamba unaofaa miti.

Swali la kuweka vituo vingi badala ya kimoja lina jibu fupi. Helmut Bölcskei na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba uwezo hukua kwa nusu ya idadi ya antena za mtumaji ikizidishwa kwa logi ya idadi ya vituo, vituo vikiwa vingi. Kwa antena mbili ina maana kila ukizidisha vituo maradufu unaongeza biti moja hivi. Mgongo huu una sehemu moja tu yenye jua la kutosha na njia ya kufikisha betri, kwa hiyo sikuendelea nalo.

Wastani unaficha siku mbaya

Mpaka hapa nimetumia uwezo wa wastani, na kwa zahanati wastani hautoshi. Njia inayopita kwenye miti hupanda na kushuka, lakini siku isiyo na upepo miti husimama, na njia iliyoangukia mahali pabaya inaweza kubaki pabaya kwa dakika nyingi. Ujumbe hausubiri wastani urudi.

Kwa antena moja kila upande, nikitaka kasi ambayo njia ya bondeni itaitimiza katika hali 99 kati ya 100, jibu ni biti 0.14 kwa hezi. Wastani wake ulikuwa 2.9. Katika megahezi 20 hiyo ni chini ya megabiti 3, kabla ya kugawana muda na hatua ya kwanza. Nikiweka antena nne mgongoni zinazoijua njia, na antena moja tu zahanati, kasi inayotimizwa katika hali 99 kati ya 100 ni biti 3.2, yaani megabiti 64: zaidi ya mara 20. Sababu ni kwamba ili njia ianguke, lazima antena zote nne ziangukie mahali pabaya kwa pamoja, jambo ambalo ni adimu sana zinapokuwa huru.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika kisa hiki, nzito kuliko megabiti 94 dhidi ya 81. Hatua ya Muheza haififii hivyo. Iko wazi, na antena zaidi huko haziuponyi udhaifu wowote. Antena za bondeni zinamhakikishia mkunga kwamba simu aliyoipiga saa nane ya usiku haitakatika kwa sababu tawi moja limesimama mahali pasipofaa.

Na masika. Mvua yenyewe, kwa gigahezi 5.8, hainyonyi kitu cha kuhesabika katika umbali huu. Majani yaliyolowa ndiyo hunyonya, na Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nikichukua kwamba msitu uliolowa unaongeza upotevu wa desibeli 5, hatua ya bondeni inashuka kutoka biti 8 hadi kama 5.1. Ratiba ya kiangazi, inayompa mtumaji wa Muheza asilimia 41 ya muda, ikiachwa ilivyo, zahanati inapata megabiti 60. Ratiba ikirekebishwa hadi asilimia 31 inapata 70. Kwa hiyo kifaa kitakachonunuliwa lazima kiwe kinaruhusu mgawanyo wa muda kubadilishwa, na hili ni la kuuliza kabla ya kulipa, kwa kuwa vingi havina.

Betri

Limebaki jambo ambalo hesabu za uwezo hulisahau. Mgongoni hakuna umeme wa gridi. Ni sola, na Amani ina siku za ukungu ambazo paneli hazioni jua. Kila antena inayofanya kazi ina mnyororo wake wa redio nyuma yake, yaani vifaa vyake vya kurushia na kupokea. Nikikadiria wati 5 kwa kila mnyororo, minne ya bondeni na miwili ya Muheza inakula wati 30, sawa na watisaa 720 kwa siku. Kuvumilia siku tatu bila jua kunahitaji watisaa 2,160. Betri ya asidi ya volti 12 na ampeasaa 100, ikitumiwa nusu ili idumu, inatoa 600. Zinahitajika nne.

Usiku zahanati haitumi picha wala taarifa za mwezi. Tukizima minyororo miwili ya bondeni kwa saa 12, matumizi yanashuka hadi watisaa 600 kwa siku, na betri tatu zinatosha kwa siku zilezile tatu. Antena mbili zinazobaki mgongoni, zikishirikiana na mbili za zahanati kwa msimbo unaosambaza ujumbe uleule kwenye antena zote mbili, bado zinatimiza kama biti 2.3 katika hali 99 kati ya 100. Hatua ya bondeni ikipewa asilimia 60 ya muda, hiyo ni karibu megabiti 28, ilhali simu ya sauti haihitaji hata sehemu ya kumi ya megabiti moja. Betri ya nne inaweza kuondolewa kwenye bajeti, kwa sharti kwamba kifaa kiwashe minyororo yote chenyewe pindi ishara ya zahanati inaposhuka chini ya desibeli 5, hata kama ni usiku, na kwamba sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi pamoja na lile la mgawanyo wa muda.